Nusu Kikombe, Baada ya Kura

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati andalizi, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa mwenyekiti amepata udhuru. Waheshimiwa machifu, manaibu wao na manaibu wa manaibu hao. Wachungaji wa madhehebu yote, yaliyosajiliwa na yaliyo mbioni kusajiliwa. Walimu wakuu, wakulima wa miwa, kina mama wa vikundi, na nyinyi wa bodaboda huko nyuma ambao naomba mzime injini. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa na nyingine kuongezwa: hamjambo! (Umati: "Hatujambo!") Hamjambo tena! (Umati, kwa unyonge: "Hatujambo tena.")

Mimi ni Cleophas Makhanu, Mkurugenzi Mwandamizi wa Mamlaka ya Utulivu wa Akili na Mimea Changamshi, na nimeondoka Kakamega mjini alfajiri, bila hata chai, tumbo likiwa tupu kabisa kwa sababu ya uzalendo, ili nifike hapa Khwisero, katika ua huu wa Mama Gentrix, kutekeleza majukumu mawili yenye uzito wa kihistoria. La kwanza ni kuzindua Kituo cha Kimataifa cha Lisangala, ambacho utepe wake, kwa sababu za kiufundi, umefungwa kwenye mlango wa jiko la mama. (Makofi.) La pili, kwa masikitiko makubwa, ni kusoma barua hii iliyo mfukoni mwangu, inayompiga marufuku huyu huyu Mama Gentrix kumpa mtu yeyote hata jani moja la lisangala kuanzia leo saa kumi. (Mama Gentrix, aliyeketi kando ya mlango huo, anakaza leso kiunoni.)

Ndugu zangu, lisangala ni jani ambalo mama zetu wamekuwa wakilichemsha kwa ajili ya mtu aliyelemewa na maisha: mkulima ambaye miwa yake inakauka shambani akingojea trekta, mjane asiyepata usingizi, mwalimu wa darasa la watoto tisini. Mamlaka yetu, baada ya asesimenti ya kina iliyohusisha mastekiholda wote isipokuwa wale wasiopatikana kwa simu, imebaini kuwa stresi katika eneo hili imefika asilimia mia moja na nne, na kwamba mtu akilitumia jani hili kwa usalama, furaha yake hupanda kwa asilimia sitini na tatu nukta tisa, hiyo nukta tisa ikiwa ni tabasamu. Ili kuwathibitishia, nitakunywa mbele yenu. (Anakunywa kikombe kizima. Mama Gentrix, kwa sauti: "Mkurugenzi, kwani umekura?") Kura? Nilipiga, mama, tena mapema, wajibu wa kila mwananchi! (Kicheko kutoka upande wa kina mama.)

Sasa, kuna watu wenye midomo mirefu wanaouliza kwa nini kituo hiki kimechelewa. Nitawajibu kwa data. Miche mia mbili ya lisangala tuliichukua kutoka shamba la Mama Gentrix mwaka jana, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, inayosema, nanukuu: nusu kikombe, jioni, baada ya kura. Baada ya kura! Sisi ni watu wa kufuata maagizo. Tulikwenda mafungoni siku nne, tukaichambua karatasi hiyo neno kwa neno, na wataalamu wetu wakaafikiana kwamba jani hili haliwezi kutolewa kwa mwananchi kabla ya uchaguzi mdogo wa wadi. Basi tukangoja. Miche nayo ikangoja, nyuma ya ofisi, kwenye jua, mpaka ikawa kuni. (Mama Gentrix: "Woi!") Hata hivyo tulibandika mabango elfu tatu yenye maneno yale yale. Tunyweshe koo kidogo. (Anakunywa kikombe cha pili.)

Na ndipo likatokea lile la mzee Osundwa. Mzee huyu, raia mtiifu, alisimama kwenye foleni ya uchaguzi tangu asubuhi bila kuweka kitu tumboni, akapiga kura yake saa kumi na moja jioni, akatoka nje na wino haujakauka kidoleni, akanywa nusu kikombe cha lisangala alilolichemsha nyumbani, kama bango linavyosema. Kwanza akacheka. Kisha akawaambia watu wote waliokuwa kwenye foleni amempigia nani, na mkewe anadhani amempigia nani. Kisha akalala usingizi kwenye nyasi mpaka asubuhi ya pili. Aibu iliyoje kwa taifa! Ndiyo maana Mamlaka, baada ya kutafuta chanzo cha uzembe huu, imekipata kwa huyu mama asiye na cheti, na... (Mama Gentrix anasimama: "Nani aliandika kupiga kura? Mimi naandikanga vile nasemanga! Nilisema kura! Kura obusuma, ugari! Kura na mdomo!" Umati unalipuka.)

Ngoja. Ngojeni kwanza. Kura... kula? Baada ya kula? (Umati: "Baada ya kura!" Mzee Osundwa, kutoka safu ya mbele: "Na bango ni lenu!") He! Hehehe! Samahani. Hehehe! Siku nne za mafungo, jamani! Wataalamu kumi na wawili na projekta! Tukachora hadi rodimapu ya uchaguzi! Maurine, katibu wangu, alisema, akasema, "Mkurugenzi, kwani huyu mama si anamaanisha chakula?" Nikamwambia Maurine aheshimu utaalamu! Hehehe! (Anakunywa kikombe cha tatu. Mama Gentrix: "Aachishwe hicho kikombe! Huyo ako na njaa!")

Niacheni, hii hotuba ilikuwa na kurasa kumi na nane, lakini naona herufi zinacheza, kwa hiyo nitasema tu. Wale kumi na wawili hawakuwa wataalamu wa lolote. Zile asilimia nilizipata garini, tukiwa tunapita Butere. Na mimi naijua hii dawa. Mwezi wa pili nilikuja hapa kimyakimya, nimevaa kofia ya dereva wangu, kwa sababu nilikuwa na huzuni, watu wa Khwisero, huzuni ya kweli, nilikuwa sijalala vizuri tangu Krismasi. Mama huyu hakuniuliza cheo. Aliniwekea obusuma na mboga, akasema nimalize sahani, kisha akanipa nusu kikombe. Niliidhania ile sahani ni ukarimu tu, kumbe ilikuwa sehemu ya dozi. Nikalala kama mtoto. Halafu mzee Osundwa akaanguka, na mtu alihitaji kulaumiwa, na mimi nilikuwa na ofisi, yeye alikuwa na jiko. Nikaandika hii barua mimi mwenyewe. Nisamehe, mama. Naona haya sana. (Bodaboda mmoja anazima injini.)

Mama, hebu waambie wewe, kwa maneno yako, wasisikie tena kutoka kwangu. (Mama Gentrix: "Nusu kikombe. Jioni. Tumbo likishajaa. Mwenye mimba, hapana. Mwenye tembe za hospitali, aulize daktari kwanza. Mwenye kuendesha gari, asiguse. Na huzuni ikikaa wiki mbili haitoki, hiyo si ya majani tena, niende na wewe hospitali nikushike mkono. Hivyo ndivyo nasemanga.") Mmesikia? Mwenye kuendesha gari asiguse. Kiptoo! Dereva! Ulikunywa lile lisangala nililoacha kwenye chupa garini? (Kutoka garini, mkoromo mrefu.) Basi leo hatuendi popote.

Barua hii sasa naiwasilisha rasmi jikoni kwa hatua zaidi. (Mama Gentrix anaichukua, anaisukuma motoni chini ya sufuria. Vigelegele.) Marufuku yenyewe haingewezekana hata hivyo, kwa sababu ripoti niliyoituma jana inasema kituo kinafanya kazi vizuri mno, na picha niliyoambatisha ni ya hili jiko. Nikimfunga mama, nimefunga kituo.

Semeni nami: lisangala! (Umati: "Baada ya kura!") Nusu kikombe! (Umati: "Baada ya kura!") Mkurugenzi! (Umati, baada ya kufikiri: "Baada ya kura!")

Kwa kumalizia, maana magoti yananiaga, namshukuru fundi ambaye hakuwahi kuitwa, namshukuru mhandisi wa kituo ambacho hakikuwahi kuchorwa, nawashukuru wahudumu ishirini na wanane ambao hawajazaliwa. Utepe huu naomba msiukate, unatakiwa Malava kesho kwa kituo kingine cha namna hii. Zaidi ya yote namshukuru Mama Gentrix, aliyekuwa akituhudumia miaka yote hii bila kujua kwamba yeye ndiye mradi. Asanteni sana, na Mungu awa... Mungu awa... (Anakalishwa juu ya kigoda. Mama Gentrix anamwekea sahani mapajani na kumshikisha tonge mkononi: "Kura, mwanangu. Kura kwanza.")