Godoro Mliloniletea Linanichemsha

Mtaa wa Wahunzi,
Sokoto.
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa Baba Mkwe wangu mheshimiwa, Alhaji Sambo, mfanyabiashara wa ngozi,

YAH: GODORO

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na kwamba ngozi zako zinakauka vizuri, maana jua la Aprili hii halina ubahili.

Baba, najua fika kwamba mkwe hapaswi kumtazama baba mkwe wake machoni, seuze kumtajia kitanda. Tangu nimpose binti yako Hindatu navua viatu hatua kumi kabla ya mlango wako, na sura yako naifahamu kuanzia kifuani kwenda chini. Kwa hiyo naandika. Karatasi haijui kuona haya, nami kwa joto hili aibu yote imeshayeyuka.

Desturi inasema nyumba ni yangu, vya chumbani ni vyenu. Mimi nilileta masanduku sita ya vitenge na manukato, na hadi leo hakuna kitenge hata kimoja kilichomuunguza binti yako. Ninyi mlileta kitanda, kabati, vyombo vya kupanga ukutani hadi darini, na godoro nene la inchi kumi na mbili. Sikuulizwa. Mtu mzima, Mkaguzi wa Mizani wa Daraja la Pili, nachaguliwa godoro kama mtoto anayechaguliwa kandambili! Malalamiko yangu ni haya:

1. Godoro ni la moto. Nikilala chali mgongo unachemka, nikigeuka tumbo linachemka. Jasho haliendi popote, Baba. Linatuama chini yangu kama dimbwi, na nikiinuka shuka inakuja nami. Feni tunayo, ila umeme wa mtaa huu unakuja kutusalimia tu na kuondoka.

2. Godoro lina kelele. Ukijigeuza kidogo linalia kama karanga kikaangoni. Mama yangu, Inna, anayelala chumba cha tatu, aliniuliza mbele ya shangazi zangu, "Mwanangu, huko ndani mnakaanga nini?" Nilimalizia fura yangu, uji wa mtama na maziwa, nikaenda kazini bila kuaga.

3. Hili ndilo linaloniuma. Wiki tatu baada ya harusi Hindatu alikunja mto wake akaniambia, "Malam, mimi si nyama ya kukausha. Siku ukiamua kulala na mtu badala ya godoro, nipo uani." Tangu siku hiyo analala uani kwenye mkeka, ubavuni mwa Inna, ambaye naye amehamia nje kwa joto. Wanacheka huko, nawasikia. Nilioa mke, nimebaki na samani. Nikimbembeleza arudi, ananijibu nimpe kisu alirekebishe godoro mwenyewe. Nimekataa mara tatu. Zawadi ya wakwe haitiwi kisu! Nimelitunza vilevile lilivyoshuka kwenye gari, Baba, hata vumbi halijaligusa, na wageni wanaokuja kututembelea huinua shuka kidogo, wakaona linavyong'aa, wakasema mashallah. Hiyo ndiyo shukrani yangu kwenu, na malipo yake ni kulala peke yangu.

4. Nilikwenda sokoni kujichagulia mwenyewe godoro la baridi, maana ni haki ya mwanaume kujua anapoweka ubavu. Muuzaji, anaitwa Ladan, ana maneno kama mpiga ramli. La pamba akanishauri nisilitazame, litanizamisha kama tope. La springi akalisifu, hewa inapita katikati. Mwisho akapiga kofi lile la kujaribia lililo mbele ya duka, akasema, "Malam, vua kofia ulale, usinunue kwa macho." Nikalala mbele ya soko zima. Wallahi, Baba, lilikuwa baridi! Halikulia hata kidogo. Nililala mpaka Ladan akaanza kunifukuzia nzi, na watu wakamuuliza maiti ni ya nani. Nilipoamka nikasoma nembo yake. Nembo ni ileile ya godoro langu, unene uleule, hata maua ni yaleyale. Mimi kazi yangu ni kukamata wezi wa mizani, siwezi kudanganywa kirahisi. Hapa kuna mtu aliyewauzia ninyi la moto na kujibakizia la baridi, ama kuna mtu ukweni aliyelijua jambo hili na kunyamaza. Sitaji jina. Mama Mkwe ndiye aliyekwenda dukani.

5. Ili isisemekane nasema bila ushahidi, niliweka mayai manne ya kanga upande wa miguuni, nikayafunika kwa shuka. Siku ya ishirini na saba yalianguliwa mawili. Sina la kuongeza.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: kwanza, uitishwe mkutano wa familia kuchunguza godoro hili, mimi nikiwa mwenyekiti. Pili, mnibadilishie kwa lile la Ladan. Tatu, na hili ndilo kubwa, umwandikie Hindatu arudi chumbani kabla mvua hazijamrudisha, maana nataka arudi kwa ajili yangu, si kwa kukimbia matone. Nammisi, Baba. Nimeshaliandika, basi.

Msalimie Mama Mkwe (bila kumwonyesha namba 4), wadogo zake Hindatu wote, wachunaji wako wa ngozi, na mbuzi mweupe niliyemkanyaga siku ya posa. Inna anakusalimu. Vifaranga hawajambo.

Ni mimi mkwe wako mtiifu, nikiwa nimeinamisha uso hata hapa nilipo,

Bilyaminu
Mkaguzi wa Mizani, Daraja la Pili

Tanbihi: Baba, nilipokwenda kutafuta bahasha Hindatu aliikuta barua hii mezani akaisoma yote, na namba 4 akamsomea Inna mara mbili. Kisha akachukua kisu cha vitunguu, akaingia chumbani, akalichana godoro. Nilipiga kelele nikidhani ndiyo mwisho wake. Kumbe alichokichana ni nailoni ya dukani, ile niliyokataza mtu yeyote asiivue ili wageni wajue ni jipya. Chini yake godoro ni baridi kama mtungi, wala halilii. Inna alijaribu kukaa, akalala, na akasema hatoki. Sasa wako wawili huko ndani, na mimi nimeambiwa hakuna nafasi.

Nilitaka kuichana na barua pia. Hindatu amekataa. Anasema nitakaribishwa kitandani siku litakapofika jibu lako, kwa mwandiko wako mwenyewe, likithibitisha kwamba umesoma kila neno na kwamba Mama Mkwe naye amesomewa. Nakuomba ujibu upesi, Baba, hata kwa mstari mmoja. Niko uani kwenye mkeka, na vifaranga hawa wawili wananifuata kila ninapogeukia, wanadhani mimi ndiye mama yao.