Programu ya Asali Yenye MB Tisini

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimemaliza programu ya kuandikishia asali. MB tisini! Ya mpinzani wangu Godeliva, mtoto wa Ulyankulu, eti MB sita. Nimempigia Mzee Lugembe, mwenyekiti wa wafugaji nyuki Sikonge. Shikamoo kwanza, kisha nikamweleza kuwa uzito ndio nguvu. Akasema sawa, tutaziona zote mbili Jumatano.

Jumatano, 4 Juni
Sikonge. Vumbi mpaka masikioni. Mtandao wa kubahatisha. Simu zote zinasema nafasi haitoshi. Mama Stela, mmoja wa wafugaji, kafuta picha za mjukuu wake ili programu yangu iingie. Haikuingia. Sikujua nitazame wapi.

Godeliva kanivuta pembeni. Kasema nimeacha ndani taarifa za kusakia makosa: majina na namba za mistari zinazotuonyesha sisi watengenezaji programu imekwama wapi. Mfuga nyuki hana kazi nazo. Niziondoe, ila nibaki na nakala yangu yenye hizo taarifa, ya kusomea ripoti za hitilafu. Nikamjibu nilikuwa najua.

Sikuwa najua.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeziondoa. MB saba! Hata shangazi Bimdogo kauliza nacheka na nani. Nakala ya zamani nimeifuta; usafi ni usafi. Kisha nikabadilisha mambo mawili matatu kwenye msimbo wa programu, nikawatumia wafugaji. Mzee Lugembe kanipa wiki nzima ya kujaribiwa.

Jumamosi, 7 Juni
Imeingia kwenye simu zote. Alhamdulillahi. Ukiandika kilo za asali, inazimika. Ripoti ya hitilafu imenifikia: tarakimu na herufi za ovyo tu. Hakuna jina, hakuna mstari. Nimezikodolea macho mchana kutwa. Mgongo unauma.

Godeliva kapiga simu, kauliza kwa upole nakala yangu iko wapi. Nikasema mtandao unakatika.

Jumatatu, 9 Juni
Mzee Lugembe hakusubiri wiki iishe. Kasema, "Mundhir mwanangu, pumzika." Wamechukua ya Godeliva. Mama Stela kaniletea chupa ya asali, kwa huruma. Nimeshindwa kuitia kwenye chai.

Jumanne, 10 Juni
Nimetafakari. Kosa ni simu za Sikonge. Nasikia wakulima wa tumbaku Usinge wanatafuta programu. Yao nimeshaikamilisha. Taarifa za makosa nimeziweka humo humo, tena mara mbili, zisije zikapotea. MB mia na themanini.

Usinge wana simu nzuri, nadhani.