Kuanika Mashua

Alhamisi, 1 Agosti 1985
Nimekuwa mwenye mashua! Bernado wa kule Majita kapokea ng'ombe, mimi nimepokea mashua ya mbao, tanga lenye viraka na makasia mawili. Hati imeandikwa. Balozi wa nyumba kumi amegonga muhuri mara mbili, wa kwanza ulififia. Mpango: nipeleke sabuni na viberiti kisiwani Rukuba, ambako wavuvi wamesahau hata harufu ya sabuni, nirudi na dagaa. Tangu nipunguzwe kazi ya ukarani ghala la pamba, hili ndilo wazo langu la kwanza lisilo na dosari. La nne kwa mwaka huu.
Bado sijamwambia mke wangu, Mama Nyangi. Ng'ombe alikuwa wake.

Ijumaa, 2 Agosti
Amejua. Alikwenda kukamua, akakuta kamba tupu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ng'ombe yule alipewa na baba yake, maziwa ni ya watoto, na kama kufika Jumapili ya wiki ijayo sijaleta dagaa wala ng'ombe, anarudi kwao Butiama na watoto wake. Nikamwahidi kuipa mashua jina lake, Getruda. Akajibu kwamba jina la mtu haliandikwi kwenye kitu kinachovuja.
Inavuja kidogo tu! Ilikaa mchangani tangu Pasaka.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimempata Thadeo, fundi wa mashua hapa mwaloni, wavuvi wanakoegesha. Mtu wa dharau. Aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamweleza kwamba sisi watu wa ng'ombe tuna akili ya kutoanguka majini. Anaziba nyufa kwa pamba na lami. Nikaishika ile pamba: fifi, daraja la chini! Mimi niliyepanga madaraja ya pamba miaka kumi na minne, mashua yangu izibwe kwa pamba fifi! Nikamwagiza atumie safi. Akasema ziwa halijui madaraja. Nimechoka na watu wa namna hii.
Jioni nimeandika jina ubavuni kwa mkono wangu. Mji mzima rangi ilipatikana kikombe kimoja. Imeishia GETRU.

Jumatatu, 5 Agosti
Uhalifu! Nimefika mwaloni asubuhi, mashua imezama. Maji ya magotini, imejaa hadi ukingoni, na ndani mawe sita makubwa. Thadeo ameketi pembeni anakula muhogo. Hata hakukana! Alisema mawe kaweka yeye, kwamba mashua iliyokaa juani "inanyweshwaga maji" siku nne mbao zivimbe, ndipo isafiri. Nikamwambia mashua si ndama. Nimemshitaki kwa balozi. Balozi, naye mtu wa ng'ombe, alikubali kwamba kitu kikizama kimeharibika.

Jumanne, 6 Agosti
Wanaume wanane wameivuta hadi juu mchangani, kwa miche miwili ya ile sabuni ya kupeleka Rukuba. Nimeilaza kifudifudi juani ikauke. Thadeo alinishika mkono akaniomba, kwa sauti ya chini kabisa, nisifanye hivyo. Wivu. Wakulima wangapi niliwarudisha na magunia yao kwa sababu ya unyevu? Kitu chenye maji hakipokelewi. Hakuna aliyewahi kunibishia, isipokuwa wakulima.

Alhamisi, 8 Agosti
Jua la kupendeza. Nimegonga mbao kwa kidole, zinalia. Mwanga unapita katikati ya ubao na ubao, dalili nzuri ya ukavu. Nyumbani watoto wamekunywa uji mtupu tena. Mama Nyangi anakunja nguo zao, moja moja, bila kuniangalia. Namwonea huruma. Najionea mimi zaidi.

Jumamosi, 10 Agosti
Safari. Watu walijaa mwaloni, nikadhani ni heshima. Nikapakia sabuni, viberiti na chumvi. Tanga likashika upepo vizuri. Hatua mia hivi kutoka ufukweni, miguu ikaanza kulowa. Nikakomba maji kwa kopo. Yakaingia kwa nyufa zote kwa pamoja. Ufukweni watoto wakaimba Getru anazama, Getru anazama. Thadeo akaja na mtumbwi wake, nadhani aliuweka tayari tangu asubuhi, akanivuta kwa kola ya shati. Akanitua mchangani, akarudi kwenye muhogo wake.

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya misa Mama Nyangi alipitiliza hadi mwaloni. Yeye, Thadeo na Bernado wamekubaliana bila mimi. Thadeo aiopoe mashua, azibe tena, ainyweshe siku nne. Isipovuja, Bernado ataichukua na kumrudisha ng'ombe. Mimi kazi yangu ni kutia sahihi.

Ijumaa, 16 Agosti
Haivuji hata tone. Bernado ameondoka nayo. Nimetia sahihi. Nilidhani ng'ombe akirudi, mke naye atabaki. Mama Nyangi alisema leo ni ng'ombe, na hajui kesho nitabadilisha nini. Akashika kamba ya ng'ombe wake, akawatanguliza watoto, wakaifuata njia ya Butiama. Nyangi aligeuka akanipungia. Nimekaa kwenye zizi tupu hadi nikaumwa mgongo. Inauma, na si mgongo tu.

Jumatano, 21 Agosti
Nimelitafakari kosa langu kwa makini na kwa unyenyekevu. Siku nne juani hazikutosha. Mbao zilibaki na unyevu wa Thadeo. Lakini leo nilikuwa Bunda, na nyuma ya mashine ya kusaga nimeona mashua inauzwa. Imekaa juani miaka miwili haijaguswa na tone la ziwa! Kavu kama biskuti. Mwenyewe anataka ng'ombe mmoja tu.
Nimemwandikia baba mkwe barua ya heshima, kumwomba yule ng'ombe.