Safari ya Boti Isiyoondoka

Jumatano, 4 Juni

Naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Boti ya mjomba, ile ya kukodisha kwa sherehe, imekufa injini. Jumapili anamuuzia Miwani, jirani yetu wa gatini, mwenye boti nne na majivuno ya boti kumi. Kisha mjomba atahamia kwa wakwe zake akauze saruji. Saruji! Na mimi niliyeahidiwa unahodha? Nimelia kidogo, kwa adabu. Nikamaliza hesabu za shule. Ndipo nikapata wazo.

Alhamisi, 5 Juni

Wazo lenyewe: mji huu umejaa watu wanaotamani bahari lakini wanaogopa maji. Tuwakodishie boti isiyoondoka! Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mama akasema mwache mtoto, kwani hiyo boti ina kazi gani nyingine?

Nimekwenda kwenye chama cha walimu wastaafu. Mwenyekiti, bibi mwenye sauti ya kengele, akaniuliza tena na tena kama kweli haiondoki. Nikaapa. Wamekodi Jumamosi! Miwani kasikia. Eti niwauzie na ndege isiyoruka. Nimemshukuru kwa ushauri.

Jumamosi, 7 Juni

Wastaafu walipokwisha kuketi, nikaona maputo hayajatundikwa. Aibu! Sikuwa na kamba safi, nikafungua ile ya mbele ya boti. Ya nyuma nikaifungua pia, nikaikunja vizuri, isije ikawakwaza wazee. Unadhifu kwanza.

Wakaanza kuimba. Ghafla mhazini akapiga kelele: jamani, gati linaondoka! Mwalimu wa jiografia akamwambia akae chini, gati haliendi popote, tunaokwenda ni sisi. Hapo ndipo vurugu ilipoanza.

Mwenyekiti akanigeukia: mwanangu, si uliapa? Nikamwambia samahani, bibi, hata mimi nimeshangaa. Mjomba kule gatini alikuwa akipunga mikono yote miwili. Baadhi ya wastaafu wakampungia pia.

Tulielea polepole, kwa heshima kabisa, tukaigonga boti mpya ya Miwani ubavuni. Kisha ya pili. Ya tatu tuliikosa. Vijana wake wakatuvuta kwa fimbo, huku Miwani akisema maneno ambayo sitayaandika, ingawa niliahidi.

Jumapili, 8 Juni

Miwani amekuja asubuhi, mikono mfukoni. Kasema hanunui chombo kinachotoroka hata bila injini. Apewe bure? Hata bure hataki!

Mjomba haendi kwenye saruji! Badala yake atapaka rangi boti mbili za Miwani, nami nitamsaidia kila nikitoka shule. Anasema nisimwambie wazo lolote mpaka rangi ikauke.

Mwenyekiti kaleta ujumbe: chama hakirudi, sasa wanaogopa na boti pia. Habari njema kuliko zote! Mpango wangu umefaulu, tena umezaa wateja wapya: wanaoogopa maji na boti kwa pamoja. Hao tutawakodishia gati tupu, na viti.

Shajara, nijibu leo leo, maana bango nimeshaanza kulichora: kwa safari ya gati, tuwavalishe majaketi ya kuokolea, au kofia zinatosha?