Muziki wa Filamu Tatu za Bwana Ndungu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa ukumbi huu wa Hurlingham, ambaye amepata dharura lakini kofia yake iko hapa mezani ikimwakilisha. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, manaibu wao, na makaimu wa manaibu wao, ambao viti vyenu vya mbele bado vinawangoja. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Mapokezi. Viongozi wa dini mliofika na mlioagiza salamu. Wauguzi wa kule Upper Hill mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na sare zenu mwilini. Wachapishaji na mafundi wa River Road. Wazee, akina mama, vijana. Na wewe Mzee Idarus Taib, mtunzi wa muziki wa filamu, ambaye ndiye sababu ya sisi kukusanyika Jumamosi hii ya mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne, saa nane mchana: hamjambo, hamjambo tena, na kwa wale wa nyuma ambao kipaza sauti hakiwafikii, hamjambo mara ya tatu. (Makofi.)

Mimi, Jamleck Ndungu, Naibu Msaidizi wa Mratibu Mkuu katika Halmashauri ya Uratibu wa Picha na Sauti, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa kitengo changu kilijaribu kuipima kikapata asilimia tisini na mbili, (vicheko) na ningependa kutamka rasmi, na karani aandike, kwamba leo tunazindua Programu ya Filamu Tatu, ambayo ni fesi, yaani awamu, ya kwanza ya mpango kabambe wenye fesi saba, uliobuniwa, ukasimamiwa na kulindwa na mimi mwenyewe.

Ili tuelewane, niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Mwaka wa sabini na mbili halmashauri yetu ilitengeneza filamu ya dakika ishirini na mbili inayomwonyesha ng'ombe mmoja akiingia katika josho la dawa ya kupe, akitokea upande wa pili, na mwenye ng'ombe akieleza faida zake. Hiyo ndiyo filamu yote. Kanuni zetu zinataka kila filamu iwe na muziki, tukatafuta mtu wa karibu, na aliyekuwa karibu ni Mzee Idarus, mtu wa pwani aliyekuwa akitengeneza redio katika chumba kimoja River Road na kupiga fidla harusini. Tulimwonyesha picha mara tatu. Kisha akasema, nami nilikuwapo nikamsikia, "Huyu ng'ombe aogopa. Hajui kama yale maji ni dawa. Nipeni siku kumi."

Siku kumi zilipokwisha alileta muziki wa fidla mbili, kodiani na ngoma moja, na tangu hapo, ndugu zangu, ng'ombe yule hakuwa ng'ombe tena. Akisimama ukingoni, fidla moja inabaki peke yake juu, na ukumbi mzima unabana pumzi. Akitoka ng'ambo akitiririka maji, watu wanafuta macho. (Sauti: "Kweli kabisa.")

Bibi Virginia Wanjira, muuguzi, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, aliiona mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Kawangware, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi. Jumamosi iliyofuata akalifuata gari letu la sinema hadi Kangemi. Jumamosi ya tatu Uthiru, na huko akakaa kando ya Bwana Mutiso, mchapishaji wa River Road, ambaye naye alikuwa amefumba macho, kwa sababu, kama alivyomweleza, picha ilikuwa ikimsumbua asisikie vizuri. Hapo ndipo chama hiki cha wapenzi wa muziki wa Mzee Idarus kilipozaliwa. Walikuwa wawili, wakawa arobaini, wakafika mia mbili, na takwimu zetu zinaonyesha kwamba mahudhurio ya filamu ile yalipanda kwa asilimia mia sita, huku idadi ya ng'ombe walioogeshwa ikibaki vilevile. (Vicheko virefu.)

Sasa nafika kwenye mchango wangu binafsi, ambao kwa unyenyekevu nitaueleza kwa kirefu. Bibi Wanjira alikuja ofisini kwangu Jumatatu moja asubuhi, akakataa kiti, akaniuliza, "Bwana Ndungu, mzee atatunga muziki mwingine lini?" Ofisa wa kawaida angesema hajui. Lakini mimi siwezi kumwona mwananchi amenitazama vile nikamrudisha mikono mitupu. Nikamjibu palepale, bila faili, bila memo, bila komiti: "Mama, filamu tatu zinakuja, na muziki wote ni wa Mzee Idarus." Mama huyu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona sasa nimefanya kazi ya serikali. (Makofi.)

Akauliza filamu hizo zinahusu nini. Nikamwambia ya kwanza ni ya mama anayevuka barabara kubwa akiwa na kikapu cha mayai, mafunzo ya usalama. Ya pili ni ya barua inayosafiri kutoka posta hadi kwa mwenyewe, mafunzo ya kuandika anwani. Na ya tatu ni ya ghala la mahindi. Kufikia saa sita mchana Bwana Mutiso alikuwa amechapa matangazo. Kufikia saa kumi yalikuwa ukutani River Road nzima, na mtu mmoja akanisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli ile ya barua itakuwa na filimbi. Nikasema suala la filimbi liko chini ya uangalizi.

Jumanne iliyofuata Mzee Idarus mwenyewe akaja, na kofia yake ya kitambaa mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "nasikia nina kazi. Picha ziko wapi nizitazame?" Nikamfahamisha kwamba kiufundi picha ziko katika hatua ya matayarisho ya awali, lakini mimi, kama mtu aliye karibu nazo kuliko wote, naweza kumsimulia. Akavuta kiti, akatoa penseli, akafumba macho. "Haya, nambia."

Nikamsimulia. Nilidhani itachukua dakika tano. Mzee huyu anauliza, jamani. "Huyo mama atokea upande gani? Ni asubuhi au alasiri? Avaa viatu?" Nikajikuta nasema amevivua, amevishika mkononi, kwa sababu ni vipya na barabara ina matope. "Mayai apeleka wapi?" Nikasema kwa binti yake aliyejifungua. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akaandika. Mishi, mpiga chapa wangu, aliacha kupiga chapa akageuka kusikiliza, nami nilimwonya kwa mdomo, kisha nikaendelea. Jumanne nne mfululizo tulifanya hivyo hadi filamu zote tatu zikaisha, na sitaficha kwamba nyumbani mke wangu aliniuliza ninawaza nini mezani, nikamwambia nawaza kama yule mama ataangalia kulia kwanza au kushoto. (Vicheko.)

Matokeo yake ni kwamba Mzee Idarus alifunga chumba chake cha redio ili atunge. Ndugu yake wa Mombasa alimwandikia arudi nyumbani wafungue duka pamoja, naye akajibu kwamba hawezi, anangoja picha zake. Na nyinyi pia mlingoja. Mlingoja kwa nidhamu ya hali ya juu, na rekodi zinaonyesha kwamba katika kipindi cha implementesheni mliniandikia barua kumi na moja, na zote kumi na moja nilizijibu kwamba suala lenu linashughulikiwa. Moja ya Bibi Wanjira nimeihifadhi. Inasema, "Bwana Ndungu, wodini tuna mgonjwa aliyekuwa nasi Uthiru, kila siku ananiuliza kama filamu imetoka. Nimwambie nini?" Nilimjibu kwamba suala la mgonjwa linashughulikiwa. (Kimya.)

Ndiyo. Tuendelee.

Wiki iliyopita ikaja barua ya kumi na mbili, na hiyo ilitoka kwa Mzee Idarus. Alisema muziki wa filamu zote tatu umekamilika, na kama picha hazipo nimwambie wazi, afunge mizigo yake aende kwao. Mishi aliiweka mezani kwangu akabaki amesimama. "Mzee," akaniuliza, "hii nayo tutaijibu vipi?" Mimi, kama kiongozi anayefanya maamuzi bila kuyumba, nikaamua tufanye sherehe ya uzinduzi. Ndiyo hii. (Makofi machache.)

Kulingana na ratiba, kipengele cha tano ni maonyesho ya filamu zenyewe, lakini kabla ya hapo ningependa kugusia fesi ya pili hadi ya saba, (sauti ya Bwana Mutiso: "Mzee, samahani. Kitambaa cheupe tunakiona hapo nyuma yako. Lakini hiyo mashine ya kuonyesha filamu iko wapi?") Asante kwa swali zuri. Mashine, Bwana Mutiso, inasubiri lenzi, na lenzi inasubiri fomu, na fomu iko kwa ofisa aliye likizo, hivyo kitaalamu tunaweza kusema mashine iko njiani. ("Na filamu je?") Filamu nazo zinasubiri mashine. ("Zinasubiria wapi?")

Naona Bibi Wanjira amesimama. Karibu mama, ingawa ratiba haikutaja maswali.

("Bwana Ndungu, hatukuja kukugombeza. Mishi alituambia ukweli siku ile barua ilipofika, na usimkasirikie, tulimbana sana. Tulijua hakuna picha tulipokuwa tunapanda hiyo ngazi. Tumekuja kwa sababu muziki uko. Hao wenye fidla nyuma yako ni sisi tumewaita.")

Nilidhani ni wa bendi ya mapokezi.

("Sasa mzee wetu ana shida moja. Anasema hawezi kuupiga hivihivi.")

Mzee Idarus, tafadhali, kaa, wewe ni mgeni wa heshima. Haya, sema.

("Mimi hupiga kwa kufuata jambo, mwanangu. Siwezi kupigia ukuta. Huyo mama wa mayai mimi sikumuona. Wewe ndiwe uliyemuona, na ulinisimulia hata nikamjua mwendo wake. Weka hizo karatasi chini, simama mbele ya kitambaa, utusimulie kama ulivyonisimulia, polepole, na sisi tutakufuata.")

Mzee, kuna protokoli. (Mzee Idarus anaokota upinde wa fidla.) Hotuba hii ina kurasa kumi na tisa na mimi niko ukurasa wa saba. (Mtu anavuta pazia, ukumbi unakuwa na giza.)

Basi. Mishi, nishikie hizi.

Ni asubuhi. (Fidla moja inaanza, chini kabisa.) Mama anatoka nyumbani na kikapu cha mayai. Usiku mvua ilinyesha. Amevaa viatu vipya, anatazama matope, anavivua. (Kodiani.) Anafika barabarani. Upande wa pili ndiko aliko binti yake na mtoto ambaye hajamwona bado. Linapita lori. Linapita basi. Anatia mguu, anaurudisha. (Fidla inapanda, inabaki peke yake.) Anaangalia kulia. Anaangalia kushoto. Anaangalia kulia tena, maana ndivyo kanuni zinavyosema, na pia kwa sababu anaogopa. Halafu barabara inakuwa tupu. Hakuna gari lolote. Anavuka. (Ngoma, na fidla zote mbili.) Anavuka, hakimbii, yai hata moja halijapasuka, na mlangoni anavaa viatu kwanza, ndipo anabisha hodi.

(Muziki unakoma. Ukumbi mzima unasimama, makofi, vigelegele. Bibi Wanjira ameficha uso kwa kofia yake ya uuguzi. Mzee Idarus anamwambia Bwana Mutiso kitu sikioni.)

Bwana Mutiso ananijulisha kwamba Mzee Idarus atamwandikia ndugu yake kwamba haji sasa, na kwamba chama kinaomba ukumbi huu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumapili ya kesho wanaomba tuende wodini kule Upper Hill, fidla moja tu na mimi. Kama Naibu Msaidizi sina mamlaka ya kuidhinisha hayo. Nayaidhinisha.

Sasa nimalizie kama inavyotakiwa. Idumu Programu ya Filamu Tatu. (Idumu.) Idumu fidla. (Idumu.) Idumu barabara yenye mahali pa kuvukia. (Idumu, na vicheko.) Kwa niaba ya Halmashauri ya Uratibu wa Picha na Sauti, ambayo haina habari kwamba niko hapa, namshukuru mpiga picha, ambaye hakuteuliwa, nawashukuru waigizaji, ambao hawakuitwa, namshukuru mhasibu, ambaye hakuombwa hata senti, na nawashukuru nyinyi, mliongoja miaka miwili filamu ambazo hazijawahi kuwako popote, isipokuwa asubuhi moja ya Jumatatu nilipoona haya kumwambia mama huyu kwamba sijui. Mama, nisamehe. Mishi, na wewe pia. Asanteni sana.

Kaeni, kaeni. Mzee Idarus amekwisha kaza nyuzi na ananitazama. Ya pili inaanza ndani ya posta, kwenye foleni, na kuna kijana wa kike ameshika barua ambayo ameiandika mara nne.