Tairi la Wanafiki

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Vita vimetangazwa. Dada Rahma ameamua pikipiki ya marehemu baba iuzwe. Ati imekaa bandani miaka minane na kuku wanailalia. Mnunuzi ni jirani yetu Abdulnasir, anayeazima ya shemeji yake kila siku, mtu ambaye hajamaliza kusoma hata maelezo ya dawa ya mbu! Nimepinga saa nzima. Nimetaja sheria ya mirathi, historia na Warumi. Rahma akaniambia nipumzike, ninamwagia mate chai.

Kisha akatoa sharti. Hitma ya baba, kisomo cha kumwombea, ni Ijumaa, baada ya Alasiri. Shangazi Umkulthum yuko Makangale, na hapandi gari, humtapisha. Enzi za uhai wake, baba akimleta mjini kila mwaka kwa pikipiki ile. Nikimleta mimi kwa wakati, pikipiki ni yangu. Nikishindwa, ya Abdulnasir.

Mbio hadi dukani kwa Ridha, muuza vipuri. Matairi yaliyopo ni kipara kitupu. Ridha akauliza njia yangu. Nikamwambia: lami kutoka hapa Wete mpaka Konde, kisha udongo wa msitu wa Ngezi. Akaniletea tairi la ajabu. Katikati laini kwa ajili ya lami, pembeni meno kwa ajili ya matope. Nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu! Nimeandika makala arubaini na moja kupinga mambo ya nusu kwa nusu. Maridhiano ya vyama vyetu vya siasa niliyapinga kabla hayajapewa jina. Nikamwambia hilo ni tairi la wanafiki, huku limo na kule limo. Nimenunua ya meno matupu, mbele na nyuma. Baba hakuwa mtu wa katikati.

Jumapili, 13 Oktoba

Majaribio. Fundi Duni wa pikipiki ameiamsha injini. Kwenye lami meno yalivuma kama nyuki ndani ya debe. Miwani ilitetemeka hata nikaona kila mnazi na pacha wake. Kwenye kona ya Bi Wafa nilitaka kupunguza mwendo. Pikipiki ilikuwa na rai nyingine. Tukapita juu ya jamvi lake la karafuu, zilizoanikwa kando ya barabara.

Tairi laini lingepita tu. Langu lilizoa! Kila pengo la jino likajaa karafuu. Bi Wafa akanijia na ufagio, akipiga kelele, "Mwizi wa magurudumu huyo!" Akanikalisha jamvini nizichokoe mojamoja kwa kijiti. Saa mbili nzima. Kila apitaye alielezwa mimi ni mtoto wa nani na nimesoma mpaka wapi.

Lakini ile harufu. Karafuu na petroli. Nilikuwa na miaka sita, nimepakatwa juu ya tangi, baba bwana shamba akizunguka kukagua mikarafuu, kidevu chake juu ya utosi wangu, akiimba kwa sauti mbaya kabisa. Nilipomaliza tairi la nyuma nikaingia la mbele, polepole, bila haraka yoyote. Bi Wafa akadhani ninalia kwa aibu. Akaniletea chai.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkakati mpya! Nimenunua pia jozi laini. Laini mpaka Konde. Pale nabadilisha, navisha meno, naingia msituni. Kila njia ipate haki yake kamili. Huu si msimamo wa katikati. Ni misimamo miwili mikali.

Fundi Duni amesema Konde haji, nijifunze mwenyewe. Akauliza jozi ya pili nitaibeba wapi. Shingoni, nikamwambia, na nikamwonyesha. Abdulnasir alikuwa barazani. "Ustadh," akauliza, "unakwenda Makangale au unakwenda kuogelea?"

Baraza zima lilicheka. Nimeandika jibu, kurasa sita.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mazoezi ya kubadilisha, uani. Nilianza Adhuhuri, nikamaliza Alasiri. Mpira wa ndani nimeutoboa kwa bisibisi mara mbili tu. Imebaki nati moja ambayo sijui ni ya wapi. Mafanikio makubwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nilifika! Niliondoka saa mbili asubuhi, nikabadilisha Konde, nikaingia msituni. Matope mpaka kifundo, na meno yakauma udongo kama yamekaa na njaa miaka minane. Nilipiga kelele za furaha. Tumbili walinijibu.

Shangazi alikuwa mlangoni, buibui mwilini. Alikumbatia usukani kwanza, mimi baadaye. Nikasali Ijumaa palepale kijijini. Kisha akasema nisubiri achukue mayai ya hitma. Kuku wake wanatagia ndani ya tairi kuukuu. La baba ako hilo, akaniambia, alilivua hapa mwaka ule ulipoingia sekondari.

Nikainama. Katikati laini. Pembeni meno.

Nikamwambia haiwezekani. "Haiwezekani nini, mwanangu? Baba ako hakutumia jingine. Akisema njia ni mbili, mpandaji ni mmoja."

Nikampandisha nyuma na kikapu chake cha mayai.

Tulipofika Konde nikashuka kubadilisha. Shangazi akakaa juu ya jiwe, mayai mapajani. Akatazama jua. Akaniuliza kama baba yangu aliwahi kumweka juu ya jiwe. Mara Abdulnasir akatokea, anarudi Wete, juu ya ile pikipiki ya shemeji. Nikayaona matairi yake. Sihitaji kuandika ni ya aina gani. Shangazi akamsimamisha kwa kikapu, akapanda, wakaniacha.

Nilifika nyumbani inaadhiniwa Magharibi. Hitma imekwisha, halua imekwisha. Rahma hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Alinyoosha kiganja tu. Nikaweka ufunguo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu. Nikausikia mlio ule, unakohoa mara tatu, unavuta pumzi, unakohoa tena. Nikatoka mbio na povu shavuni. Nilidhani baba anakwenda kazini.

Kumbe Abdulnasir. Kanipungia mkono kwa heshima. Kaivisha nusu kwa nusu. Haivumi, haitelezi. Nilisimama pale mpaka mlio ulipopotea kwenye kona ya Bi Wafa. Sikusikia kelele za mtu. Karafuu salama.

Nimelifikiria sana lile tairi la kuku. Jawabu ni wazi! Lilikuwa la meno matupu. Yale ya katikati yalisagika kwa miaka ya lami. Shangazi ni mtu mzima, kumbukumbu zimemchanganya. Nimemwandikia barua ya kurasa nane, pamoja na mchoro.

Sasa nina matairi manne yasiyo na mfano kisiwani, na sina pikipiki. Ridha anayo moja kuukuu nyuma ya duka. Inakohoa vilevile, mara tatu. Ataniachia rahisi, pamoja na matairi yake, mapya, katikati laini, pembeni meno.

Nimemwambia naichukua. Ila ayang'oe kwanza.