Turubai Nyumbani kwa Mwalimu Projestus

Alhamisi, 12 Juni 2025
Nimekwenda redio ya mtaani kwetu, Kimara, kuomba nafasi ya kujifunza uandishi wa habari. Kidato cha sita nimemaliza, siwezi kukaa nyumbani nachambua mchicha tu. Mhariri ni Bi. Demetria. Hata akiomba chumvi, sauti yake ni ya taarifa ya habari. Akasema nafasi ni moja na waombaji ni wawili: mimi na Brightson wa mtaa wa pili, ambaye ukurasa wake wa habari una wafuasi tele na maadili hauna. Kila mmoja achapishe mwenyewe habari moja ya mtaani, iliyothibitishwa na vyanzo viwili. Huko tuendako, alisema, kila mwenye simu atakuwa mwandishi. Atakayebaki na kazi ni yule anayethibitisha. Nilitaka kumwambia ninaamini hivyo kwa moyo wote. Nikasema, "Eeh."

Ijumaa, 13 Juni
Nimefungua ukurasa. Jina: Kimara ya Kweli. Juu kabisa nimeandika maadili: ukweli kwanza, vyanzo viwili. Tatizo dogo. Chanzo ni mtu, na mtu inabidi umsemeshe. Nimezunguka sokoni asubuhi nzima nikitafuta habari. Nimerudi na nyanya. Mama amefurahi. Wafuasi hadi sasa: Mama, na mtu anayeuza dawa ya kukuza nywele.

Jumamosi, 14 Juni
Habari! Turubai la bluu limefungwa kwa Mwalimu Projestus, mstaafu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Viti vya plastiki vinashushwa. Wanawake wa jumuiya wamekaa chini na khanga zao, wanafuta machozi. Nimeyaona kwa macho yangu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya nguzo ya umeme. Maskini Mwalimu! Nimelia kidogo hapo nguzoni. Sikuvuka kuuliza. Utamwambiaje mfiwa, samahani, kafa nani? Nikachapisha ukurasani, kwa tahadhari: "Inasemekana Mwalimu Projestus amefariki." Neno zuri, inasemekana. Linakufunika kama mwavuli.

Ila chanzo kimoja hakitoshi. Nikasubiri. Chai haijapoa, nikaona ukurasa wa Brightson: MWALIMU PROJESTUS HATUNAYE TENA. Na mshumaa unaowaka. Chanzo cha pili! Tena mpinzani wangu, asiye na sababu yoyote ya kunisaidia. Nimefuta "inasemekana".

Jumapili, 15 Juni
Mwalimu Projestus yu hai. Nimegundua kanisani. Alikaa benchi la mbele na suti yake, mjukuu wake akipokea komunyo ya kwanza. Turubai lilikuwa la sherehe. Machozi yalikuwa ya vitunguu vya pilau.

Waombolezaji wamekuja tangu jana, na Mwalimu anawapokea mwenyewe getini. Baadhi wamempa pole kwa msiba wake. Mama Lulu wa gengeni alizimia, akapepewa, akazinduka, akaomba pilau. Mama amenisuta njia nzima. Mwanangu Bupe, barabara yenyewe ya vumbi, hata gari haipiti, ilikushinda nini kuvuka?

Nimechapisha masahihisho haraka, kama maadili yanavyotaka: "Mwalimu Projestus hajafariki kwa sasa. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Watu wakauliza hiyo "kwa sasa" ina maana gani, anaumwa nini. Jioni wamerudi tena kwake, safari hii na uji wa mgonjwa. Brightson ameandika: MWALIMU PROJESTUS AFUFUKA! Wafuasi wake wameongezeka.

Jumatatu, 16 Juni
Mwalimu amekuja nyumbani. Shikamoo ilinitoka kama ya mwizi. Hakugomba. Alisema dada yake wa Bukoba kasoma habari yangu na kupanda basi papo hapo; simu imemzimikia njiani. Leo anashuka stendi ya Mbezi Luis. Niende naye, nikae mbele, maana dada yake akimwona yeye kwanza anaweza kuanguka.

Bibi alishuka amejitanda khanga nyeusi, macho yamevimba. Akamwona kaka yake nyuma yangu. Akakaa juu ya begi, akalia upya, kwa nguvu zaidi. Kisha akavua kiatu akampiga nacho begani. Mwalimu akamuuliza, mbona hukunipigia simu?
"Marehemu anapigiwa simu?"

Akataka kujua ni mpumbavu gani aliyeandika. Mwalimu akanitazama. Nilikuwa na hotuba nzima ya kuomba radhi. Nikabeba begi. Zito! Alikuja na ndizi za matanga. Tulipofika getini nikasema samahani, bibi. Akaniambia sema kwa nguvu, mbona kuandika hukuogopa?

Nikasema kwa nguvu. Akanishika mkono mpaka ndani.

Jumatano, 18 Juni
Bi. Demetria ametukataa wote wawili. Brightson kwa kunakili. Mimi kwa kumwamini aliyeninakili. Akachora duara ubaoni: habari imetoka kwako, imekwenda kwa Brightson, imerudi kwako. Umejithibitisha mwenyewe, binti. Nimeelewa kabisa. Amesema nirudi Ijumaa na habari nyingine, niliyouliza watu kwa mdomo wangu. Nafasi bado ipo!

Alhamisi, 19 Juni
Turubai limefungwa nyumbani kwa akina Brightson. Sirudii kosa. Nimechungulia vizuri kutoka nyuma ya nguzo yao: machozi yapo, vitunguu havipo. Kisha nimeuliza kwa mdomo. Nimemuuliza Mama. Mama hajui, akamuuliza Mama Lulu. Mama Lulu amesema turubai na machozi, sasa hapo unataka nini tena, mpaka uone jeneza? Vyanzo viwili. Na Brightson hajaandika kitu tangu jana. Brightson! Kimya! Basi ni yeye. Maskini, alikuwa kijana mwenye bidii.

Sikuandika "inasemekana". Nimejifunza. Nimeandika "inadaiwa".

Simu yangu inaita sasa hivi. Jina la Brightson. Sipokei. Walio hai wenyewe kuongea nao kunanishinda.